Sisi Wadeni: Tafakuri juu ya Imani ya Kikristo na Madhehebu Yake

Miongoni mwa masuala yanayoikera dhamiri ya Mkristo mwenye kufikiri, pengine baada ya lile la mateso ya wasio na hatia, hakuna lililo zito kama hili: kwamba Bwana ambaye, usiku uliotangulia kusulubiwa kwake, aliwaombea wafuasi wake kwa Baba wawe na umoja, anaabudiwa leo na watu waliogawanyika katika madhehebu yasiyo na idadi, kila moja lina jina lake, kanuni zake, nyimbo zake na mavazi yake, na aghalabu lina shaka yake pia juu ya usalama wa roho za wale walio katika mengine. Wako wanaolijibu suala hili kwa ghururi, wakidai kwamba haki yote iko kwao na kwamba waliobaki wamepotea au wako ukingoni mwa kupotea. Wako na wengine wanaolijibu kwa upole usiowagharimu kitu, wakisema kwamba Mungu ni mmoja, basi makanisa yote ni mamoja, na mtu asijishughulishe na hitilafu zilizowanyima wazee wetu usingizi. Wa kwanza hawamheshimu jirani. Wa pili nao hawamheshimu, kwa kuwa kumwambia mtu kwamba imani yake haina tofauti yoyote na yako ni kumwambia kwamba hukupata kumsikiliza.

Nimeishi na suala hili muda mrefu, na jibu ambalo moyo wangu umetua juu yake nimelipata kwa Mtume Paulo, ambaye alipowaandikia Warumi alijitaja kuwa mdeni wa mataifa ambayo hayakuwa yake. Naitakidi kwamba Mkristo wa Afrika ya Mashariki, awe wa dhehebu lolote lile, ni mdeni wa madhehebu ambayo si yake. Kwamba deni hilo ni la kweli, lina tarehe, majina na mahali. Na kwamba mtu mwenye murua hamdharau mwia wake.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi tulivyoyapata madhehebu yetu. Wengi wetu hatukuyachagua baada ya kuzipima hoja za Luther na hoja za Papa katika mizani. Tuliyapata kwa sababu ya mahali alipozaliwa babu. Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafanya makao Rabai. Kwa hiyo mtu wa Rabai akawa Mwanglikana. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaja Bagamoyo mwaka 1868. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa katika misheni ile akawa Mkatoliki. Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia nchi ile ile katika mwaka ule ule, wakapatana mpaka baina yao, na mpaka huo ukaamua watu wa kijiji gani wataimba kutoka katika kitabu gani. Marafiki, wale wanaojulikana duniani kwa kukataa vita, walijenga Kaimosi mwaka 1902, na Wamenonaiti wakafungua misheni Shirati, upande wa Mara, mwaka 1934. Hata leo, ukiambiwa ukoo wa mtu na wilaya anayotoka, mara nyingi waweza kukisia dhehebu lake kabla hajafungua kinywa.

Katika nchi ya Bonde na milima ya Usambara iliyo juu yake, ambako ukoo wangu una mizizi, jambo hili laonekana kwa macho. Huko chini, Magila, Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1860. Huko juu, Mlalo, Walutheri kutoka Ujerumani walianza mwaka 1891. Na Gare, katika milima hiyo hiyo, Watrapisti wa Kanisa Katoliki waliweka makao mwaka 1897. Mtu akipanda kwa miguu kutoka bondeni hadi kileleni huvuka mafarakano yote ya Ulaya ya karne ya 16, ilhali watu anaowapita njiani ni ndugu wa damu, wanaoana, wanazikana, na wanauziana ndizi na viazi katika gulio moja. Sisemi haya ili kuyafanya madhehebu kuwa bahati nasibu, maana Mungu aweza kumlea mtu vema mahali alipomweka. Nasema tu kwamba fahari ya mtu anayejiona ameupata ukweli kwa ubora wa akili yake, na kwamba jirani yake ameukosa kwa upungufu wa akili yake, haina msingi.

Mimi nililelewa katika Kanisa la Kianglikana la namna ile waliyoileta watu wa Misheni ya Vyuo Vikuu: Misa ya kuimbwa, ubani, kengele, maungamo, na kalenda inayompeleka mtu kutoka Majilio hadi Pentekoste bila kumwuliza kama moyo wake uko tayari. Nayapenda mapokeo haya kwa mapenzi ambayo sitayaficha. Yalinifundisha kwamba ibada haingoji hamu yangu. Kwamba siku nisiyokuwa na la kumwambia Mungu, Kanisa lina maneno ya kuniazima. Na kwamba Jumatano ya Majivu huja kwa tajiri na kwa maskini, na kidole cha padri huliandika vumbi lile lile katika kila paji la uso. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mimi sioni kwamba mtu anaweza kuyaheshimu mapokeo ya wengine vizuri ikiwa hana yake anayoyapenda.

Walakini nyumba yetu haikuwa ya dhehebu moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mlutheri wa milimani, na alikuwa na kitabu cha nyimbo ambacho jalada lake lilikuwa limekwisha kuchanika, akalishonea kipande cha kanga kwa uzi mweusi. Nyimbo zile alizijua kwa namba: ukimtajia namba, alianza ubeti wa kwanza bila kukifungua kitabu, akaendelea mpaka wa mwisho huku mikono yake ikichambua mchicha. Shangazi yangu aliolewa na Mkatoliki akaingia katika Kanisa la mumewe, na katika matanga ya nyumba yetu yeye ndiye aliyewakusanya wanawake jioni wasali rozari. Nilipokuwa mtoto niliyachukua mambo haya kuwa ya kawaida. Nilipokua ndipo nilipoanza kutambua kwamba bibi alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho kwa kiasi kile, na kwamba shangazi naye alikuwa na kitu chake.

Sasa niyataje madeni yenyewe, niyataje bayana.

Deni la kwanza ni la Neno. Krapf, aliyeanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule wa 1844 alioingia Mombasa, alikuwa Mjerumani wa malezi ya Kilutheri aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki na kuzikwa Mombasa kabla ya mwaka huo kwisha, naye akaendelea na kazi. Aliyemsaidia katika tafsiri hiyo ya mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu, ambaye aliikubali kazi hiyo kwa hisani ya mtu wa elimu kwa mtu wa elimu. Huko Unguja Askofu Edward Steere, Mwanglikana, alikichunguza Kiswahili cha mjini na kutafsiri sehemu kubwa ya Maandiko, huku akisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 mahali pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo. Padri Charles Sacleux wa Bagamoyo, Mkatoliki, alikusanya maneno ya lahaja za pwani kwa uvumilivu wa ajabu, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Tafsiri za Unguja na za Mvita, yaani Mombasa, zikaja kuunganishwa, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano ambayo mamilioni ya watu wanaishika hadi leo. Baadaye ikatoka ile ya Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanya pamoja. Basi kijana wa kanisa la Kipentekoste anayesimama leo uwanjani na Biblia mkononi, akidhani pengine kwamba makanisa ya zamani hayakumpa kitu, anasoma kwa jasho la Mlutheri, la Mwanglikana, na la kadhi wa Kiislamu.

Deni la pili ni la Bagamoyo. Mwezi Februari 1874, Susi, Chuma na wenzao, watumishi wa David Livingstone, walifika pwani wakiwa wameuchukua mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, huko bara mbali, safari ya miezi mingi katika nchi ya homa na hatari. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, na hotuba yake ya Cambridge ya mwaka 1857 ndiyo iliyozaa misheni iliyonibatiza mimi. Waliompokea Bagamoyo walikuwa mapadri Wakatoliki wa Kifaransa, ambao waliulaza mwili wake katika kanisa lao kabla haujavushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Zama zile Mkatoliki na Mprotestanti wa Ulaya walitazamana kwa adawa, na walikuwa na maneno makali ya kuitana. Lakini mbele ya maiti aliyeletwa na Waafrika waaminifu, mapadri wale walifungua mlango wa kanisa. Nimesimama mbele ya mnara wa mawe wa kanisa lile, na nimeona kwamba kuna saa ambapo tendo la murua hutangulia, na elimu ya dini huja nyuma yake ikitafuta maelezo.

Kwa Wakatoliki nimejifunza na jambo jingine, ambalo shangazi yangu alinifundisha bila kujua. Sisi tuliolelewa karibu na Waprotestanti tulizoea kusikia rozari ikishutumiwa kuwa ni kurudiarudia maneno. Nilimwona shangazi akiisali katika matanga ya mwanawe mwenyewe. Hakuwa na uwezo wa kutunga sala. Machozi yalikuwa yamemaliza maneno yote. Vidole vyake vilitoka punje hadi punje, kina mama waliomzunguka wakalichukua kila jibu alipokwama, naye akavushwa mpaka mwisho. Tangu siku hiyo naiona rozari kuwa ni sala ya mtu aliyeishiwa na maneno, na sijui dhehebu ambalo halina watu wa namna hiyo.

Deni la tatu ni kwa Walutheri na Wamoravia wa kusini. Bibi yangu hakusoma kitabu chochote cha elimu ya dini, lakini aliijua neema kwa kuiimba, na aliiamini kwa namna iliyomwondolea hofu: alipokuwa mgonjwa mahututi, mtu mmoja alimwuliza kwa huruma kama ametubu dhambi zake zote, naye akajibu kwamba hakumbuki zote, ila Yesu anazikumbuka na amekwisha kuzilipa. Wamoravia nao wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, wazee na watoto pamoja, wakangoja jua likichomoza juu ya makaburi ya jamaa zao, wakatangaza hapo hapo, juu ya udongo uliowafunika, kwamba Bwana amefufuka. Ukiwa umeyaona hayo huwezi tena kuufikiria ufufuo kama fundisho la kuandikiwa mtihani. Na kiongozi wa Wamoravia alikuwa Zinzendorf, yule bwana wa Saxony aliyewapa hifadhi wakimbizi wa imani katika shamba lake mwaka 1722, wakajenga hapo kijiji cha Herrnhut. Yeye alifundisha kwamba kila kanisa ni njia mojawapo ya Mungu ya kuwalea watu, na kwamba kila moja limepewa kito chake cha kulinda. Wenzake wengi hawakumwelewa. Mimi naona kwamba katika neno hilo alikuwa ameitangulia karne yake mbali sana.

Deni la nne ni kwa Waorthodoksi, ambao wengi wetu huwadhani kuwa ni watu wa Ugiriki na Urusi tu. Reuben Spartas Mukasa, aliyelelewa katika Uanglikana huko Uganda, alijitangaza kuwa Muorthodoksi mwaka 1929, akitafuta Kanisa lililokuwapo kabla ya mafarakano ya Ulaya na lisilo mkononi mwa wale walioitawala nchi yake; na baada ya miaka mingi ya barua na subira, Upatriarka wa Aleksandria, ambao kiti chake ni cha Afrika tangu zama za kale, ukawapokea yeye na wenzake mwaka 1946. Katika makanisa yao iko sanamu takatifu ya kuchorwa ya Ufufuo, na atakaye kuielewa asiitazame upesi. Kristo amesimama juu ya milango ya kuzimu iliyovunjika, misumari na makufuli yametapakaa gizani chini ya miguu yake, naye anawavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini mwao. Tazama mkono wake: hakuwashika kiganjani, amewashika kifundoni. Aliyekufa hana nguvu ya kushika, na kwa hiyo anayeokoa ndiye anayeshika peke yake. Mchoraji wa kale wa Mashariki na bibi yangu wa Usambara hawakupata kusikiana habari, lakini walikuwa wanasema jambo moja.

Deni la tano ni kwa Walokole. Uamsho wao uliotoka Gahini, nchini Rwanda, na kwa watu wa Uganda kama Simeoni Nsibambi, katika miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, uliwafanya watu wasimame hadharani na kuungama wizi, uzinzi na chuki, kisha warudishe walichoiba. Uliwakalisha meza moja watu wa makabila yasiyopikika chungu kimoja, na wamisionari wa Kizungu pamoja na wale waliokuwa watumishi wao. Katika siku za Mau Mau nchini Kenya, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na wakakataa vile vile kushika silaha za serikali, wakauawa baadhi yao kwa kutotaka kumchukia yeyote wa pande mbili. Sisi tuliozoea ubani huwaona watu hawa kuwa na kelele. Na tujiulize ni wangapi kati yetu, kwa utaratibu wetu wote mzuri, ambao wangeweza kuilipa imani yao thamani hiyo.

Madeni haya nayafananisha na lugha: mtu aliyelelewa kwa Kiunguja, akikaa na mzee wa Mvita, hukuta maneno asiyoyajua na mwendo wa sauti usio wake, lakini hahitaji mkalimani. Na akikaa kwa adabu muda wa kutosha hurudi kwao na Kiswahili kipana zaidi, bila kuwa amekiacha kile alichonyonya kwa mamaye. Ndivyo nilivyofaidika mimi na sala za wengine.

Lakini ningekuwa mwandishi asiye na insafu kama ningeyataja mazuri haya nisitaje damu. Wamisionari wa CMS waliingia Buganda, na Alexander Mackay akafika mwaka 1878. Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki, akiwamo Padri Lourdel, wakafika mwaka 1879. Na mbele ya Kabaka Mutesa watu hawa wawili walibishana, kila mmoja akimwambia mfalme kwamba mwenzake anafundisha uongo. Mfalme alishangaa, na haki ilikuwa yake kushangaa. Hata hivyo vijana wa barazani waliyapokea mafundisho, wengine kwa huyu na wengine kwa yule. Na Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, alipowageukia kwa ghadhabu, hakuna aliyewatenga. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walifungwa katika matete wakachomwa pamoja. Walikuwa wamebatizwa na watu wasioelewana. Moto uliwakuta wanaelewana.

Miaka michache tu baada ya hapo, wale wale waliowajua mashahidi, waliokula nao na kusali nao, waligawanyika makundi mawili, wakaitwa Wafransa na Wangereza, yaani Wakatoliki na Waprotestanti, kwa majina ya mataifa ambayo wengi wao hawakupata kuyaona. Mwezi Januari 1892 wakapigana Mengo, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake za rashasha. Majivu ya Namugongo yalikuwa bado mapya. Kila nikilifikiri jambo hili huona kwamba tofauti za itikadi peke yake hazikutosha kuwaua watu wale: iliongezwa tamaa ya ardhi na vyeo, na hila za mataifa makubwa, kisha vyote vikavikwa kanzu ya dini. Ndiyo sababu Mkristo anapaswa kuwa mwangalifu sana anapohisi chuki juu ya dhehebu jingine, na achunguze kama chuki hiyo kweli ni ya dini, au ni kitu kingine kimejificha ndani yake.

Na jeraha hilo halikuachwa bila dawa. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo; na alipofika Uganda mwaka 1969, alikwenda na penye kumbukumbu yao ya Kianglikana huko Namugongo. Leo kila tarehe 3 Juni mahujaji wa pande zote mbili humiminika pale kwa miguu, wengine kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo.

Mtu ataniuliza: ikiwa tunadaiana hivi, mbona tusizifute tofauti zote, tukawa kanisa moja kesho asubuhi? Namjibu kwa habari ya mtu ambaye wengi wamemhukumu upesi. Mwaka 1913, katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, wawakilishi wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti walikutana kushauriana namna ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakashiriki pamoja Meza ya Bwana iliyoongozwa na Askofu wa Kianglikana wa Mombasa. Frank Weston, Askofu wa Unguja, aliposikia alighadhibika, akawashitaki Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema kwamba wameyatupa mambo ambayo Kanisa haliwezi kuyatupa. Moyo wangu katika shauri lile uko na waliokula pamoja. Lakini Weston ndiye aliyeandika mwaka 1920 kijitabu kikali cha kuwatetea Waafrika dhidi ya kazi ya kulazimishwa, akiishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe. Naye aliishi na kufa miongoni mwa watu aliowapenda. Ukali wake juu ya sakramenti na ukali wake juu ya haki ya maskini vilitoka katika chemchemi moja: aliamini kweli kwamba Kristo yupo altareni na kwamba yupo katika mtu anayeonewa. Asiyekubaliana naye katika la kwanza ana wajibu wa kumheshimu kwa sababu ya la pili, na kutambua kwamba kwake mambo hayo hayakutengana. Basi tofauti juu ya sakramenti, juu ya mamlaka ya Papa, juu ya ubatizo wa watoto wachanga, ni tofauti za kweli, na anayetaka kuzimaliza hana budi kuzipitia, hawezi kuziruka.

Zikipitiwa kwa ikhlasi, hufunguka. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya mwanadamu kuhesabiwa haki kwa neema, jambo lile lile lililowatenga katika karne ya 16. Na tamko hilo lilitanguliwa na miaka mingi ya mazungumzo ya wanazuoni waliokubali kusoma vitabu vya wapinzani wao kwa nia ya kuelewa. Kwetu sisi tuna mfano ulio karibu zaidi. Buhaya ilimtoa Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali; na Buhaya hiyo hiyo ikamtoa Josiah Kibira, Askofu Mlutheri, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Walutheri, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho. Nchi moja ndogo iliyo kando ya ziwa iliyapa makanisa mawili makubwa ya dunia viongozi wawili, na wala hakuna aliyempunguzia mwenzake kitu.

Wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni hili lalipika na mtu yeyote, hata asiye askofu wala mwanazuoni. Msomaji mpendwa, usiache kanisa lako. Lipende, lijue, ulitumikie. Kisha tafuta jirani wa dhehebu jingine, umwombe akufundishe sala moja au wimbo mmoja anaoupenda kuliko yote, na umsikilize anapokueleza kwa nini anaupenda, bila kuandaa jibu. Akifiwa, nenda kanisani kwake ukakae mpaka mwisho. Ukisikia dhehebu lake likitukanwa katika baraza ya watu wa dhehebu lako, litetee, hasa pale ambapo yeye hayupo kukusikia. Na watoto wako uwafundishe majina ya mashahidi wote wa Namugongo, wa Kanisa lako na wa Kanisa la pili, kabla hujawafundisha yale yanayowatenga. Umoja ule alioutaka Bwana hatuwezi kuuumba kwa nguvu zetu, kwa sababu ni kipawa chake. Lakini kuheshimiana ni faradhi yetu, na haihitaji kungoja mkutano wa maaskofu kuanza.